Mwalimu Nukta Kafia Kitabuni

Benchi la Zamda liko mjini Bariadi, pale barabara ya kwenda Maswa inapopakana na kichochoro cha maduka ya vifaa vya ujenzi, limeegemea ukuta wa ghala la zamani la pamba. Ubao wake ulitoka kwenye trela lililokufa, na bado una misumari inayochana suruali za wageni. Wenyeji wanajua pa kukalia. Zamda, anayeuza kahawa na kashata, wanamwita Spika, kwa sababu mtu akizidisha kelele haongezewi kikombe mpaka awape wenzake nafasi. Tajudin mwenye duka la mabati ni Waziri. Huyo hana maoni, ana msimamo. Kija, baba wa watoto wawili anayetengeneza programu za kompyuta katika chumba cha nyuma ya duka la Tajudin, ni Injinia. Na Athanasi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ni Mwalimu Nukta, kwa kuwa kosa la sarufi likipita mbele yake hulisimamisha hapo hapo, hata kama mkosaji ni mkuu wa wilaya au mfiwa.

Ulikuwa msimu wa kununua pamba. Malori yalipita yamejaa mpaka maturubai yanatuna, na nyuzi nyeupe zikabaki zinaning'inia kwenye miba ya uzio na nyaya za umeme. Tajudin alikuwa analalamika.

– Gari langu la mabati imekwama Lamadi. Imeharibika kifaa gani sijui. Haina hata dalili ya kufika leo.

Zamda akalisimamisha birika hewani. Kija akainua macho kutoka kwenye kompyuta aliyoipakata. Makosa matatu kwa pumzi moja, na Athanasi amekaa pale pale, kikombe mkononi, anatazama ng'ambo ya barabara.

– Mwalimu, umesikia? akauliza Zamda.

– Nimesikia. Pole sana, Tajudin.

Wakatazamana. Tajudin akajaribu tena, safari hii kwa makusudi.

– Na mabati yenyewe zitaloa. Madereva hawa zina uzembe.

– Mungu atasaidia, akasema Athanasi.

– Jamani, mtu huyu anaumwa! Tajudin akamwekea kiganja kwenye paji la uso kama mama anayempima mtoto homa. – Umekunywa dawa? Shemeji Anna anajua uko hivi?

Athanasi akauondoa mkono wa Tajudin taratibu. Tangu Jumapili alikuwa amelibeba jambo hili peke yake, na lilikuwa limemjaa mpaka shingoni. Usiku alikuwa akigeuka geuka kitandani mpaka mkewe, Anna, akahamia chumba cha pili kwa mtoto wa dada yake. Alijua haruhusiwi kusema. Alijua pia kwamba hawezi kuendelea kunyamaza.

– Nimekufa, akasema.

– Unasemaje?

– Nimekufa na nimezikwa. Nimesoma mwenyewe.

Zamda akaliweka birika chini kwenye jiko la mkaa.

– Haya. Kunywa kwanza, halafu uanze mwanzo.

Mwanzo waliujua wote, kwa maana Athanasi alikuwa ameutangaza mwenyewe. Miezi michache nyuma alipigiwa simu kutoka Mwanza na dada mmoja aitwaye Winnie, katibu wa Tuzo ya Kalamu ya Ziwa, tuzo ya riwaya ambazo bado hazijachapishwa. Walitaka awe mmoja wa majaji. Maisha yake yote Athanasi alisahihisha insha za watoto wa watu na hakuna aliyewahi kumwita jaji. Alishonesha suti. Anna aliwapigia ndugu zake wote wa Nyalikungu, na mmoja wao akaelewa vibaya, akaja na faili la kesi ya shamba akiomba msaada.

Miswada ililetwa kwa basi, imefungwa ndani ya boksi, haina majina ya waandishi. Masharti yalikuwa mafupi: jaji asimwambie mtu yeyote anachosoma, asizungumze na mshindani yeyote, na akishuku kwamba mswada umeandikwa na akili mnemba, atoe taarifa.

– Mswada wa nne, akasema Athanasi. – Nikaufungua baada ya misa. Kuna mwalimu mstaafu ndani yake. Anaitwa Mwalimu Mkato. Anavaa miwani iliyofungwa waya. Anawasahihisha watu msibani.

Tajudin akaitazama miwani ya Athanasi, na waya wake.

– Kuna ngitili, na kuna ugomvi juu ya ngitili. Na mwalimu ana rafiki mwenye ng'ombe, aliyekuwa karani wa ushirika.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wote wanne wakageuza vichwa kuelekea ng'ambo ya barabara.

Kule ng'ambo, mbele ya kibanda cha fundi pancha, kulikuwa na benchi jingine, na kwenye benchi hilo alikaa mzee mrefu mwenye kofia ya majani na fimbo, peke yake, anamenya karanga. Huyo ndiye Mabula. Kwa miaka mingi alikaa kwa Zamda, bega kwa bega na Athanasi, wakibishana tangu asubuhi mpaka maduka yanafungwa, na watu wakija kunywa kahawa kwa ajili ya kuwasikiliza. Kisha likaja suala la ngitili, lile eneo la majani nyuma ya mtaa linalohifadhiwa kwa ajili ya malisho ya kiangazi. Wengine walitaka pajengwe sekondari, maana watoto wanatembea mbali. Wengine wakasema majani yakiondoka, ng'ombe watakufa na watoto hao hao watakosa ada. Mtaa ukagawanyika. Uchaguzi wa diwani ulipofika, mgombea mmoja akalibeba hili na mwenzake akalibeba lile, na marafiki wawili wakajikuta kwenye majukwaa mawili. Athanasi alikuwa upande wa shule. Kwenye mkutano wa hadhara Mabula alisimama kusema, Athanasi akamkatiza, watu wakapiga makofi, Mabula akakaa. Kesho yake alikuwa amekaa kwa fundi pancha. Ngitili iko vile vile mpaka leo, shauri halijaamuliwa, na wale wawili hawajasalimiana tena.

– Kwa hiyo Mabula ameandika kitabu, akasema Zamda taratibu.

– Na amekuua humo, akamalizia Kija.

– Sura ya mwisho.

– Kwa kitu gani? akauliza Tajudin. – Risasi? Sumu?

– Presha.

Tajudin akasimama. Akisimama, wote wanajua msimamo unakuja.

– Msimamo wangu ni huu. Hiyo ni siasa. Uchaguzi mwingine hauko mbali. Kitabu kinatoka, kila mtu anasoma kwamba kiongozi wa upande wa shule ameshakufa, wafuasi wanakata tamaa, ngitili inabaki kwa ng'ombe. Mwalimu, umeondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa njia ya fasihi.

– Mimi si kiongozi wa upande wowote.

– Ndiyo maana imekuwa rahisi kukuondoa.

– Kaka Taju, kaa, akasema Zamda. – Mwalimu wangu, hebu niambie. Huko kitabuni, mjane wako anaitwa nani?

– Ana. Kwa n moja.

– Na baada ya msiba, nani anamletea mahindi?

Athanasi akafikiri.

– Rafiki. Yule wa ng'ombe. Analeta gunia.

– Gunia! Zamda akapiga kofi paja lake. – Mnaona? Hapa hakuna siasa. Mwanaume hamuui mwanaume mwenzake kitabuni halafu akapeleka gunia kwa mjane bila sababu. Mabula ana jambo lake.

– Mabula ana mke! Lukresia yuko hai, nimemwona sokoni jana!

– Na kitabuni yuko hai?

Athanasi akakiri kwamba kitabuni rafiki yule hakuwa na mke anayetajwa. Zamda akajimiminia kahawa mwenyewe, kama mtu aliyemaliza kazi.

– Ngojeni kwanza, akasema Kija. – Mnajuaje kama ni Mabula aliyeandika? Mimi Mzee Mabula namjua. Akinitumia ujumbe wa simu ni neno moja tu, "Njoo." Atawezaje kuandika riwaya nzima?

– Sasa kaandika nani?

– Labda kamtumia Shemeji.

Shemeji huyu hakuwa mtu. Lilikuwa jina walilompa yule msaidizi wa akili mnemba anayemwandikia Kija programu zake. Walimpa jina hilo kwa adabu zake za kupitiliza. Kila akikosolewa huomba radhi kama mtu aliyekuja kuposa. Kija alikuwa akitengeneza programu ya kupokelea vipimo vya mizani ya pamba kwa vyama vya ushirika vya kule Kasoli, na mambo mengi alimwagiza Shemeji aandike, yeye akakagua. Benchi lilikuwa limeshabishana sana kuhusu hilo. Tajudin alishikilia kwamba Kija analipwa kwa jasho la mashine. Kija alishikilia kwamba hata Tajudin hajawahi kutengeneza bati hata moja.

– Anaandika kodi kwa haraka, akasema Kija, lakini –

– Nimeshakuomba usitumie neno hilo karibu na duka langu, Tajudin akamkatiza, akitazama huku na huku.

– Si kodi ya mapato, Waziri. Kodi ni maandishi ya programu. Anaandika haraka, lakini anadanganya bila hata kupepesa. Juzi kanitumia kipande kizuri, kimepangwa vizuri, kinatumia kifaa ambacho hakipo duniani. Kakibuni. Nikamwambia, hiki hakipo. Akajibu, "Uko sahihi kabisa, samahani." Nikataka kumjaribu, nikamwambia, aa, nimekosea, kumbe kipo. Akajibu, "Uko sahihi kabisa, samahani."

– Huyo angefaa kuwa diwani, akasema Zamda.

– Lakini riwaya anaweza? akauliza Athanasi. Swali hilo lilikuwa limemsumbua usiku. Masharti yalisema atoe taarifa akishuku. Na kuna sehemu ya moyo wake, sehemu ndogo ambayo hakuipenda, iliyokuwa inatamani iwe hivyo. Kama mashine ndiyo imemuua, basi angeandika taarifa, mswada ungetupwa, angekwenda Mwanza na suti yake, na mambo yangeishia hapo.

– Tumjaribu, akasema Kija. Akavuta kompyuta karibu, akaandika huku akijisomea kwa sauti. – "Niandikie kifo na mazishi ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Bariadi, mkoa wa Simiyu. Rafiki yake waliyegombana anahudhuria."

Akabonyeza. Hakusubiri hata pumzi mbili.

– Tayari.

– Tayari? Tajudin akashangaa. – Mimi kufa nitataka muda zaidi ya huo.

Kija akasoma. Jua lilikuwa linazama kwa rangi ya dhahabu. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa simanzi. Mwalimu alikuwa nguzo ya jamii na taa gizani. Rafiki alipiga magoti kando ya kaburi, machozi yakimtiririka mashavuni, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu, sasa nimeelewa kwamba umoja ni muhimu kuliko tofauti zetu." Upepo ukavuma taratibu, kana kwamba mbingu zimekubali.

Kija akaigeuza kompyuta wote waone.

– Mbona nzuri, akasema Tajudin. – Mimi ningetoa tuzo.

– Mabula hawezi kupiga magoti, akasema Zamda. – Goti lake la kulia halikunji.

– Hapa umezikwa vizuri, Mwalimu. Nguzo ya jamii! Cha Mabula kinasemaje?

Athanasi akaweka kikombe chini. Alikuwa hajakusudia kulisema hili. Alidhani angewaambia kwamba amekufa, wacheke, yeye naye acheke, na uzito upungue. Lakini yale maneno laini ya mashine yalikuwa yamemkera kama chaki inayokwaruza ubao, na akajikuta anasema.

– Cha Mabula hakina jua linalozama. Ni saa nane mchana, kuna vumbi, na watu wanataka wamalize wawahi mnada. Jeneza limeshafika kaburini. Padre amefungua kitabu. Sasa yule rafiki, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa kwa sababu hakutaka kuonekana, anautazama msalaba. Fundi aliyeuandika ameandika, "Kuzariwa".

– Kwa r? akauliza Kija.

– Kwa r. Rafiki anapita katikati ya watu. Anasimama mbele ya padre. Anasema mazishi yasimame. Watu wanadhani amelewa. Ndugu wa marehemu wanataka kumtoa. Anasema, "Hamuwezi kumlaza mtu huyu chini ya kosa."

Athanasi akaendelea.

– Anaagiza rangi dukani. Mwili unasubiri juani. Padre anasubiri. Watu wananung'unika, mnada unawapita. Rangi inaletwa, brashi hakuna, anatafuna kijiti cha mswaki mpaka kinakuwa brashi, anaifuta ile r na kuandika l. Ile l inatoka imepinda. Halafu anasema, "Sasa mzikeni."

Athanasi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akachukua muda mrefu kuifuta.

– Na baada ya watu kuondoka anabaki pale kaburini anazungumza. Kurasa nyingi. Anazungumza peke yake tu.

– Anasema nini? akauliza Zamda kwa sauti ndogo.

– Mambo ya ngitili. Mambo mengine. Siwezi kusema yote.

Kija akaifunga kompyuta yake.

– Hiyo hakuiandika Shemeji, akasema. – Shemeji hamjui hata mmoja wenu.

Athanasi akatikisa kichwa kukubali. Alilijua hilo tangu Jumapili. Katika miaka yote waliyokaa benchi moja, Mabula hakuwahi kumwambia hata mara moja kwamba yuko sahihi.

Tajudin alikuwa na shida na kimya, kikizidi humwasha. Akasimama tena.

– Basi msimamo wangu umebadilika. Huu ni mtego. Mabula aliposikia wewe ni jaji, na mji mzima ulisikia, akasema nitamwandikia jaji kifo kitamu, atalia, atanipa alama zote. Mwalimu, umehongwa kwa machozi yako mwenyewe! Mpe sifuri.

– Akimpa sifuri, akasema Zamda, watu watasema kalipiza kisasi cha ngitili.

– Basi ampe zote.

– Watasema kahongwa.

– Basi ampe nusu.

– Nusu ya nini, kaka Taju? Ya msiba?

– Mimi naona hivi, akasema Kija. – Aseme tu kwamba hajamtambua mwandishi. Majina si yamefichwa? Rasmi hajui. Rasmi yule Mwalimu Mkato ni mtu mwingine kabisa.

– Aliyefunga miwani kwa waya! akadakia Zamda.

– Waya uko madukani, kila mtu ananunua.

Wakabishana. Tajudin akafika mahali pa kudai kwamba kila jaji nchini ana rafiki aliyemuua kitabuni, na kwamba hiyo ndiyo sababu vitabu vinavyoshinda ni vile visivyomhusu mtu yeyote. Zamda akarudi kwenye gunia la mahindi. Athanasi aliwasikiliza na kuona kwamba wanampenda, kila mmoja kwa kelele zake, na kwamba hakuna hata mmoja anayemsaidia.

Katikati ya kelele hizo alikuwa amekuja mama mmoja na vikapu viwili na kuku aliyefungwa miguu, akaomba sehemu ya kukaa asubiri basi la Mwanhuzi. Zamda alimsogezea upande usio na misumari.

– Mwadila, banamhala, mama alisalimia, na Athanasi na Tajudin wakaitikia bila kukata mazungumzo, kwa kuwa Tajudin, ingawa wazazi wake walitokea Kigoma, alikuwa ameshazoea kuitwa mzee kwa Kisukuma. Mama akanunua kahawa, akanywa, akasikiliza. Alisema anaitwa Benedikta. Kuku wake alikuwa mtulivu kuliko wote.

Kelele zilipopungua kidogo, akamgeukia Zamda, akimwita mama kwa Kisukuma.

– Mayu, samahani. Huyo aliyeandika hicho kitabu, yeye yupo hai?

– Yupo, mama. Yule pale, mwenye kofia.

Benedikta akakinga mkono juu ya macho, akatazama ng'ambo.

– Yule anayemenya karanga?

– Huyo huyo.

– Sasa mbona mnamuuliza kila mtu isipokuwa yeye?

Kija akatazama viatu vyake. Zamda akachokoa mkaa ambao haukuhitaji kuchokolewa.

– Haruhusiwi, akasema Tajudin hatimaye. – Yeye ni jaji. Jaji haongei na mshindani. Ni sheria.

– Ooh, akasema Benedikta. Akafikiri. – Na huo ujaji, hauachiki?

Lilikuwa swali la mtu asiyejua mambo ya tuzo, na aliuliza kwa heshima. Lakini Athanasi alihisi damu inampanda usoni. Maana alikuwa amezunguka jambo lile kutoka kila upande tangu Jumapili, akapima alama, akapima masharti, akamshuku Mabula na akaishuku mashine, na mlango ule hakuusogelea hata mara moja. Aliupenda mno ujaji. Aliipenda suti. Alipenda jinsi watu wa sokoni walivyoanza kumwita mheshimiwa. Na kwa ajili ya kiti cha siku moja mjini Mwanza alikuwa tayari kukaa upande huu wa barabara, na mtu aliyeyaandika maneno yale amekaa upande ule.

Akatoa simu, akaitafuta namba. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo wote walisikia.

– Dada Winnie, ni Athanasi, Bariadi. Nataka kujitoa.

– Jamani Mwalimu! Kuna nini? Unaumwa?

– Siumwi. Nimemtambua mwandishi wa mswada mmoja. Namfahamu. Namfahamu sana.

– Mwalimu, wengi huwa wanahisi hivyo. Tunaweza kukuondolea huo mmoja tu, ukasoma mingine.

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Tajudin aliuona, akaanza kumfanyia ishara kwa mikono miwili: kubali, kubali. Athanasi akamgeuzia mgongo.

– Asante, dada. Lakini masharti yanasema nisizungumze na mshindani yeyote, na mimi nina mazungumzo na huyu. Yatakuwa marefu. Nitairudisha miswada kwa basi la kesho.

Akakata. Akakaa kidogo na simu mkononi. Zamda akamtazama, akamimina vikombe viwili, akamkabidhi vyote viwili.

Basi la Mwanhuzi likapiga honi. Benedikta akakusanya vikapu vyake na kuku wake, akawaaga kama mtu aliyekaa nao tangu zamani, akapanda. Basi lilipoondoka na vumbi lake, barabara ilikuwa wazi, na Athanasi akavuka.

Mabula alimwona tangu anashuka kwenye ukingo wa lami. Hakusimama. Aliendelea kumenya karanga, lakini alikuwa anatupa karanga na kubaki na maganda.

– Mwadila, akasema Athanasi.

– Mwadila.

– Nimeleta kahawa.

Mabula akapokea kikombe. Akasogea kidogo. Benchi la fundi pancha lilikuwa fupi na lilinuka mpira ulioungua. Athanasi akakaa.

– Nimejitoa kwenye ujaji, akasema. – Sasa hivi. Kwa hiyo naweza kuongea.

Mabula akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza.

– Wewe ulikuwa jaji wa ile ya Mwanza?

– Hukujua?

– Nitajuaje? Mimi huko kwenu naongea na nani? Nilisikia redioni wanataka miswada, nikatuma. Akawaza, na Athanasi akaona jinsi jambo linavyomfikia taratibu. – Umeisoma.

– Nimeisoma.

– Gete? Kweli?

– Gete. Umeniua, Mabula.

Mzee yule akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Fundi pancha, aliyekuwa anapuliza tairi, akaacha kupuliza.

– Sikuwa na namna, akasema Mabula. – Niliiandika mara mbili ukiwa hai. Kila nikifika pale rafiki anapotaka kusema yaliyo moyoni, wewe unaingilia. Hata kitabuni! Naandika mimi, kalamu ni yangu, na bado unanikatiza. Nikaona nikuue ndipo nimalize sentensi.

Athanasi alitaka kucheka, na kitu kingine kikaja pamoja na kicheko, ikabidi anywe kahawa.

– Siku ile ya mkutano, akasema baadaye, ulisimama ukasema, "Shule ni kitu kizuri." Ukafika hapo.

– Nikafika hapo, na wewe ukadakia, "Basi kama ni kitu kizuri kaa chini." Watu wakapiga makofi.

– Ulikuwa unataka kusema nini?

– Umeshasoma. Imo mle, pale kaburini.

– Nataka kuisikia.

Mabula akaweka kikombe chini kati ya miguu yake. Kule kwa Zamda, watatu walikuwa wamesimama wote, wanawatazama bila aibu.

– Nilitaka kusema, shule ni kitu kizuri, lakini ijengwe upande wa mawe. Kule majani hayaoti. Ng'ombe hawaendi kule. Watoto wapate darasa, ng'ombe wabaki na majani. Hivyo tu. Wewe ulinikatiza kabla sijafika kwenye lakini.

Athanasi alikuwa anaiona ngitili nzima kichwani, na upande ule wa mawe, na mwaka mzima wa kampeni na majukwaa na makofi, na kiti kitupu kando yake kwa Zamda.

– Kwa nini hukuja kuniambia kesho yake? akauliza.

– Kwa nini hukuja kuniuliza?

Malori mawili ya pamba yakapita, wakasubiri yapite.

– Upande wa mawe, akasema Athanasi, unaanzia wapi?

– Kwenye kile kichuguu.

– Kichuguu! Pale bado kuna majani, Mabula. Mawe yanaanzia kwenye korongo.

– Korongo gani? Wewe umekwenda kule lini? Wewe ngitili unaijua kwa kuhutubia!

– Nimefundisha watoto wa kule miaka yote –

– Ulifundisha watoto, hukufundisha mawe! Mimi nimechunga pale tangu sijaota ndevu. Mawe ni kwenye kichuguu.

– Korongo.

Mabula akasimama, akaegemea fimbo kwa sababu ya goti lake, akavaa kofia vizuri.

– Inuka, twende ukaone kwa macho yako.

Athanasi akainuka. Wakaondoka pamoja kwa njia ya nyuma ya kibanda cha fundi, mmoja akitembea haraka kuliko kawaida yake na mwingine akichechemea asipitwe, wote wawili wakisema kwa wakati mmoja.

Tajudin alikuwa ameshafika katikati ya barabara.

– Spika, wanakwenda wapi wale? Wanakwenda kupigana? Kija, tuwafuate!

– Rudi ukae, kaka Taju, akasema Zamda, akiokota vikombe vya benchi lake. – Waache wabishane.